Kamera Unayo Tayari: Mpiga Picha wa Sumbawanga Anunue Nini Kuingia Kwenye Video?

Kuanzia Juni mpaka Septemba, Jumamosi za Sumbawanga hazina nafasi. Mahindi yameshavunwa, barabara za vijijini zimekauka, na kamati za harusi zilizokusanya michango tangu masika zinafunga mahesabu. Nje ya kanisa utawakuta wapiga picha wanasubiri, mikoba begani, makoti yamefungwa hadi shingoni, kwa sababu uwanda wa Ufipa uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na upepo wa kipupwe huku si wa kuchezea. Wengi wao walianza na picha za pasipoti na za mahafali. Sasa karibu kila mteja anayekuja studio anauliza swali moja: "Na video je?"

Swali hilo ndilo linaloamua nani atabaki kwenye kazi hii. Picha mnato imebanwa na simu. Mgeni mwalikwa mwenye simu nzuri anaondoka ukumbini na picha nyingi kuliko tulizokuwa tukiwapa maharusi kwenye albamu nzima. Kitu ambacho simu yake haitoi ni kumbukumbu ya siku nzima, kuanzia bibi harusi anapotoka nyumbani kwao hadi keki inapokatwa, ikiwa na sauti inayosikika na picha isiyotikisika. Kwa hilo watu bado wanalipa.

Ila hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mpiga picha akishaamua kuingia kwenye video, wazo la kwanza ni kamera mpya. Anauza ile ya zamani, anakopa kikoba, anaagiza Kariakoo, na mzigo unapanda basi kuja Sumbawanga kwa zaidi ya kilomita 1,000. Unapofika, mfuko umekwisha. Anaanza kazi akiwa na kamera nzuri bila stendi, bila maiki, bila diski ya kuhifadhia.

Kamera ya kuanzia, mara nyingi, anayo tayari. Tangu mwaka 2008, Nikon D90 ilipotoka na baada yake Canon EOS 5D Mark II iliyorekodi video ya HD kamili, kamera za picha zimekuwa pia kamera za video. Tangu 2013, Canon ilipoleta 70D, kamera zake nyingi zaidi na zaidi zimeweza kumfuata mtu anayetembea bila picha kupoteza ukali, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake hilo ni jambo kubwa kuliko idadi ya pikseli. Mwenye kamera ya namna hiyo, hata kama ameinunua mkono wa pili, ana pa kuanzia.

Anachokosa ni sauti. Nimelijua hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilirekodi harusi katika kijiji kimoja nje ya mji, nikitegemea maiki iliyo ndani ya kamera. Bibi mzaa baba wa bibi harusi alisimama kutoa nasaha. Alizungumza Kifipa, polepole, ameshika mkono wa mjukuu wake, na watu wote wakanyamaza. Picha ilikuwa safi, hata mikunjo ya kitenge chake ilionekana. Wiki mbili baadaye bibi harusi alikuja kuangalia kazi. Ilipofika sehemu ile akainama karibu na skrini, kisha akaniuliza: "Kaka, bibi anasemaje hapa?" Kilichosikika ni upepo na jenereta. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ufipa ni nchi ya nyasi na mashamba, miti ya kuzuia upepo ni michache. Maiki isiyofunikwa inavuma tu. Kwa hiyo, kitu cha kwanza kununua ni kinasa sauti kidogo cha mkononi pamoja na kifuniko chake cha manyoya. Ukumbini unakiweka mbele ya spika au, ukielewana na fundi muziki, unakiunganisha na mashine yake ili upate sauti moja kwa moja kutoka kwenye maiki ya mshereheshaji. Cha pili ni maiki ya kubana kwenye kola ya bwana harusi. Maiki ya waya ni rahisi na haina shida ya mawimbi. Waya unaingia kwenye kinasa sauti au simu iliyo mfukoni mwake, na kiapo chake kinasikika chote. Kulinganisha sauti na picha baadaye, piga kofi moja mbele ya kamera kabla hujaanza. Mlio wa kofi na mikono inayokutana vinakuonyesha pa kuunganishia.

Stendi ya picha nayo haitoshi. Imetengenezwa kushika kamera isitikisike, haikutengenezwa kuigeuza taratibu kumfuata mtu anayepita katikati ya kanisa. Stendi ya video ina kichwa chenye mafuta ndani, kinachozunguka bila kushtuka. Tofauti yake utaiona maharusi wanapoingia. Flashi, ambayo wapiga picha wengi wametumia fedha nyingi kuinunua, kwenye video haina kazi tena, na ya mwenzako inaweza hata kukuharibia: inapowaka, kamera nyingi hurekodi sehemu moja ya picha nyeupe na sehemu nyingine ya kawaida. Zungumza na mpiga picha wa mnato kabla ya ibada, mkubaliane ni wakati gani atawasha.

Kuna jambo la muda ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani. Kamera nyingi za picha, hasa za miaka iliyopita, huacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru wa kamera ya video kwa kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi. 5D Mark II ilikuwa inasimama kwenye dakika 12 hivi, faili ikifika gigabaiti 4. Misa ya ndoa inaweza kuchukua saa mbili. Ukiweka kamera juu ya stendi nyuma ya kanisa ukaenda mbele na nyingine, ile ya nyuma inaweza kuwa imeacha kurekodi kabla hata mahubiri hayajaisha. Muweke kijana aisimamie, au tafuta kamera isiyo na kikomo hicho.

Kwa wanaonunua mkono wa pili, na ndivyo wengi wetu tunavyonunua, idadi ya picha zilizopigwa haikuambii sana kuhusu video. Iwashe irekodi mfululizo karibu nusu saa, au hadi kikomo chake, ukiwa dukani uone kama inapata joto na kujizima. Chomeka maiki uone tundu halilegei. Angalia kama ina tundu la maiki kabisa, kwa kuwa baadhi ya kamera za bei ndogo hazina. Angalia na lugha ya menyu: baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee.

Kabla ya kazi yoyote ingia kwenye menyu uchague PAL badala ya NTSC, kisha rekodi kwa fremu 25 na shata ya 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za tyubu na za LED za bei rahisi zinawaka na kuzimika kufuata umeme huo. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata ya 1/60, mistari inaweza kutembea ukutani video nzima, na kuiondoa kwenye uhariri ni kazi ngumu. Jenereta isiyotulia italeta mistari hata ukiwa sahihi. Ukiweza, sogeza maharusi karibu na dirisha.

Umeme wenyewe ni gharama ya kuingiza kwenye hesabu. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepata umeme kutoka Zambia huku ikisaidiwa na jenereta za dizeli, ndiyo maana mradi wa njia ya umeme ya Tanzania na Zambia (TAZA) wa kilovolti 400, unaotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi huku, umesubiriwa na kila mwenye studio. Kwa kuhariri, kompyuta mpakato ni salama kuliko ya mezani, kwani ukikatika umeme katikati ya kazi betri inakushikilia. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa harusi na kwaya. Betri za kamera nunua tatu au nne. Asubuhi ya Julai baridi inazila haraka, zibebe mfuko wa ndani wa koti.

Halafu hifadhi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kanisani saa mbili, ukumbini saa tano, hizo ni gigabaiti 315 kwa kamera moja. Ukishuka hadi megabiti 50 inakuwa nusu yake. Wateja wengi watatazama video kwenye simu au kwenye runinga ya sebuleni, na HD kamili inawatosha. 4K ingoje siku utakapopata mteja wa kuilipia. Lakini diski lazima ziwe mbili, na kazi inakiliwa kwenye zote mbili usiku uleule kabla hujafuta kadi. Harusi hairudiwi.

Kwaya ni soko jingine, na huku ni soko kubwa. Hapo hesabu inageuka. Wimbo umesharekodiwa studio, wanakwaya wanaimba kufuata spika, kwa hiyo sauti ya uwanjani haihitajiki kwa ubora. Unachohitaji ni spika yenye nguvu inayosikika hadi mstari wa nyuma licha ya upepo, na kifaa cha kutuliza kamera unapotembea kati yao. Rekodi kwa fremu 50 ukitaka kupunguza mwendo, sare zinapepea vizuri. Anga ya Ufipa asubuhi na jioni inakupa mwanga ambao hakuna taa inayoweza kuutoa.

Ukipata kazi bondeni, kwa mfano kushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze na Ziwa Rukwa, au upande wa pili hadi Kirando na Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, unashuka karibu mita 1,000 kutoka kwenye baridi kuingia kwenye joto. Lenzi itapata ukungu. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa. Na anayefikiria droni kwa ajili ya Maporomoko ya Kalambo akumbuke mambo mawili: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwamba ng'ambo ya maporomoko ni Zambia. Filamu ya kuuza au kuonyesha hadharani nayo inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976.

Bei tunayotoza ndiyo inayoniumiza zaidi. Wengi wanaongeza kidogo tu juu ya bei ya picha, kana kwamba video inaisha ukumbi unapofungwa. Nyuma ya siku moja ya kurekodi kuna siku tatu au nne za kuhariri. Zihesabu. Chukua malipo ya awali, andika makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari, na jua kwamba fedha za wateja wetu zinafuata mahindi: malipo yakichelewa kwa mkulima aliyeuza, na salio lako linachelewa.

Kamera mpya ingoje faida ya msimu wa kwanza. Kama una fedha ya kitu kimoja tu kabla ya Juni, mwenzangu, agiza kinasa sauti, na usisahau kifuniko cha manyoya.