Bunduki ya Hewa Katika Mafunzo ya Shabaha

Mwaka 2004 Mjapani Tatsuya Sakai alitwaa ubingwa wa dunia wa kupiga shabaha kwa kasi, katika mashindano yaliyofanyika California, Marekani. Mshindi wa mashindano hayo ni yule anayegonga vibao vya chuma kwa risasi kwa muda mfupi kuliko wenzake. Ushindi huo una ajabu yake, kwa kuwa nchini Japani sheria ya mwaka 1958 inawakataza raia wa kawaida kumiliki bastola. Sehemu kubwa ya mazoezi yake Sakai aliifanya kwa bunduki ya easofti, yaani bunduki ya hewa yenye umbo la silaha halisi, ambayo hurusha gololi ndogo za plastiki.

Tangu hapo wakufunzi wa kujilinda kwa silaha wamezidi kuuliza: je, chombo cha mchezo chaweza kumfundisha mtu ustadi wa silaha halisi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kanuni za fizikia zinazosomwa sekondari.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Katika bunduki hizi springi husukuma pistoni, nayo pistoni hugandamiza hewa ndani ya silinda. Nyingine huendeshwa na mota ya umeme. Kampuni ya Tokyo Marui ya Japani ilianza kuuza za aina hiyo mwaka 1991. Bastola nyingi hutumia gesi iliyogeuzwa kimiminika. Gesi hiyo inapovukizwa hunyonya joto kutoka katika chuma kinachoizunguka. Kwa hiyo baada ya mapigo mengi ya haraka chombo hupoa, kanieneo ya gesi hupungua, na gololi hutoka kwa kasi ndogo zaidi.

Gololi ina kipenyo cha milimita 6, na aghalabu tungamo la gramu 0.20. Ndani ya mtutu kipande cha mpira huigusa kwa juu na kuifanya izunguke kinyumenyume. Mzunguko huo huipinda hewa kuelekea chini, nayo hewa huisukuma gololi juu. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani Heinrich Gustav Magnus mwaka 1852, nalo ndilo linaloupinda mwendo wa mpira wa miguu uliopigwa kwa ubavu.

HESABU YA NISHATI

Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi ya mraba. Gololi ya gramu 0.20 iendayo mita 100 kwa sekunde ina jouli 1. Risasi ya bastola ya milimita 9, yenye gramu 8 na kasi ya mita 350 kwa sekunde, ina jouli 490.

Sasa tuzidishe tungamo kwa kasi ili kupata momenta. Ya gololi ni 0.02, na ya risasi ni 2.8, yaani mara 140. Kwa Kanuni ya Tatu ya Newton, silaha husukumwa nyuma kwa kadiri hiyo hiyo. Hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa bunduki ya hewa: mkono wa mwanafunzi haupati msukumo wa kweli, na sikio lake halizoei mshindo.

Hata hivyo yapo mengi yasiyotegemea msukumo huo: kuchomoa bastola alani, kulinganisha alama za kulengea, kubonyeza kifyatulio bila kuutikisa mkono, na kupiga huku mtu akitembea. Zaidi ya hayo, wanafunzi waliovaa kinga huweza kukabiliana wao kwa wao. Kibao cha chuma hakimlazimishi mtu kuamua kama apige au asipige. Binadamu anayesogea humlazimisha. Baada ya hapo, mazoezi ya silaha halisi hayaepukiki.

HATARI ZAKE

Jouli 1 yatosha kuliharibu jicho, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima. Mwaka 2006 Japani iliweka kikomo cha jouli 3.5 kwa sentimita mraba. Kwa gololi ya milimita 6, ambayo eneo lake la mkato ni sentimita mraba 0.283, kikomo hicho ni jouli 0.99.

Hatari nyingine imo katika mfanano. Mwaka 2014 mjini Cleveland, Marekani, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya easofti katika bustani ya umma alipigwa risasi na polisi akafa. Alama ya rangi ya machungwa, ambayo huitambulisha bunduki ya kuigiza, ilikuwa imeondolewa. Kwa sababu hiyo mazoezi hufanyika mahali pa faragha pasipo na silaha halisi wala risasi, na kila bunduki, hata ya plastiki, hushikwa kana kwamba imejazwa risasi. Mazoea ya mkono hayabagui: mwanafunzi anayezoea kumwelekezea mwenzake mtutu kwa mzaha, siku moja atafanya hivyo akiwa na bastola ya jouli 490.