Nilishamwambia Bosi: Kweli na Uongo Kuhusu Vyuo Vilivyowafunika Watesi wa Watoto

Kila inapolipuka kashfa ya kocha au daktari wa timu aliyewadhulumu watoto kingono, maneno ni yale yale. Mmoja atasema huyo alikuwa mtu mmoja tu mwenye tabia chafu. Mwingine atauliza mbona watoto hawakusema siku zote hizo. Wa tatu atawatetea wakubwa: wangejuaje? Bila shaka nawe umezisikia kauli hizi, kibarazani au kwenye kundi la WhatsApp, na huenda uliwahi kuziitikia. Tuzipime kwa kesi mbili za vyuo vikuu vya Marekani ambazo kumbukumbu zake ziko wazi, kwa sababu mashahidi walikula kiapo, barua pepe zikatolewa na hukumu zikasomwa. Ya kwanza ni ya kocha Jerry Sandusky wa Pennsylvania State University, chuo ambacho wengi hukiita Penn State. Ya pili ni ya daktari Larry Nassar wa Michigan State University.

“Wa kuogopwa ni yule mgeni anayezengeazengea uwanjani.”

Uongo. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa sahihi kabisa, na takwimu za Marekani zinawaunga mkono: takriban asilimia 90 ya watoto wanaodhulumiwa kingono hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu.

Sandusky aliifundisha futiboli ya Kimarekani pale Penn State kwa miaka 30, akiwa kocha msaidizi aliyesifiwa kwa kuijenga safu ya ulinzi. Mwaka 1977 alianzisha The Second Mile, shirika la hisani la kuwasaidia watoto wa familia zenye shida, na humo ndimo alimowapata watoto aliowatesa. Aliwapa tiketi za mechi na zawadi, akawaingiza kwenye majengo ya timu, akawalaza nyumbani kwake. Wazazi walishukuru, maana mtu mashuhuri alikuwa amemwona mtoto wao. Nassar naye alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki. Alifanya uovu wake katika chumba cha matibabu, akiuita tiba, na mara nyingine mzazi alikuwa amekaa humo humo. Kumfundisha mtoto kumkimbia mgeni ni jambo jema, lakini hakumkingi na mtu ambaye mama yake amemkaribisha chai.

“Kama ingekuwa kweli, watoto wangesema mapema.”

Uongo. Walisema.

Mei 1998 mvulana wa miaka 11 alirudi nyumbani nywele zikiwa zimelowa. Mama yake alipomuuliza, akamweleza kwamba alikuwa ameoga pamoja na Sandusky. Mama hakungoja, alipeleka malalamiko kwa polisi wa chuo. Kule Michigan, wasichana wawili wamesema walimweleza kocha wao habari za Nassar mwaka 1997. Mwaka 2014 mwanamke mwingine akalalamika rasmi kwa chuo. Chuo kikachunguza kwa kuwategemea wataalamu waliofanya kazi hapo hapo na Nassar, kikahitimisha kwamba alichokifanya kilikuwa tiba. Akarudi kwa wagonjwa wake hadi 2016, pale manusura mwingine, Rachael Denhollander, aliposimama hadharani na kusimulia yaliyompata kwa gazeti la Indianapolis Star.

Ni kweli wapo watoto wanaokaa kimya miaka mingi, na mtu yeyote aliyewahi kuwa mtoto mbele ya mtu mzima mwenye sifa anaweza kuelewa kwa nini. Ila ukimuuliza manusura kwa nini hakusema, uliza kwanza waliosema walijibiwa nini.

“Polisi walichunguza wakamwachia, basi ni msafi.”

Uongo. Katika lile shauri la 1998 wapelelezi wawili walijificha nyumbani kwa mama wa mtoto wakasikiliza alipokuwa akimkabili Sandusky. Walimsikia akikiri kwamba amekosea, akiomba msamaha na kusema anatamani kufa. Mwanasaikolojia mmoja aliyezungumza na mtoto aliandika kwamba mwenendo wa Sandusky kwa mtoto yule unafanana na wa mtu anayemzoesha mtoto ili amdhulumu. Hata hivyo, mwendesha mashtaka wa wilaya aliamua kutofungua mashtaka, na jalada likafungwa.

Jalada la jinai likifungwa, maana yake ni kwamba hakuna kesi iliyopelekwa mahakamani. Haina maana kwamba mwajiri hana tena la kufanya. Wakubwa wa chuo walijua uchunguzi ule ulikuwapo. Sandusky alipostaafu mwaka 1999 walimpa hadhi ya heshima ya mstaafu, malipo ya mkupuo ya dola 168,000, na ruhusa ya kuendelea kutumia majengo ya michezo. Wachunguzi walioajiriwa na chuo baadaye hawakupata ushahidi kwamba kustaafu kwake kulitokana na malalamiko yale, na sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu mzima aliyelalamikiwa kwa kuoga na mtoto wa watu aliachiwa mlango wa bafu lile lile.

“Nilimwambia mkubwa wangu, wajibu wangu ukaishia hapo.”

Uongo, na kwa maoni yangu ndio wenye madhara kuliko wote. Tuufuatilie polepole.

Ijumaa usiku, Februari 2001, Mike McQueary, kocha kijana aliyekuwa bado masomoni, aliingia kwenye jengo la timu akamkuta Sandusky bafuni na mvulana, katika hali ambayo baadaye aliieleza mahakamani kuwa ni ya kingono bila shaka yoyote. Akampigia simu baba yake. Kesho yake asubuhi akaenda nyumbani kwa kocha mkuu, Joe Paterno, mtu aliyeheshimiwa kuliko yeyote chuoni hapo. Paterno akamweleza mkurugenzi wa michezo, Tim Curley, ila si siku ile ile. Baadaye alisema kwa kiapo kwamba ilikuwa Jumamosi na hakutaka kuwaharibia watu wikiendi. Curley akamshirikisha Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo ambaye polisi wa chuo walikuwa chini yake. Hao wawili wakalifikisha jambo kwa rais, Graham Spanier. McQueary mwenyewe, shahidi aliyeona kwa macho yake, waliketi naye baada ya siku kama 10.

Mwishoni mwa mwezi huo wakubwa hao walikuwa na mpango unaoeleweka: wazungumze na Sandusky, waliarifu shirika lake, na waripoti kwa idara ya ustawi wa jamii ya jimbo. Zikapita siku mbili. Curley akaandika kwamba ametafakari zaidi, amezungumza pia na Paterno, na haoni vyema kwenda huko. Afadhali wamwambie Sandusky mwenyewe wanajua ana tatizo, wamshauri atafute msaada, na wamkataze kuwaleta watoto kwenye majengo ya chuo. Spanier akajibu kwamba anakubali. Alitaja hasara moja tu ya njia hiyo: Sandusky asipouzingatia ujumbe, wao wangekuja kulaumiwa kwa kutoripoti. Waliiona hatari, wakaiandika, wakaendelea.

Kila mtu katika ngazi hii alimwambia mtu. Hakuna aliyeripoti kwa ustawi wa jamii, hakuna aliyewaomba polisi wachunguze, na hakuna aliyejaribu kujua mtoto yule ni nani, analala wapi, ana hali gani. Hapo ndipo moyo unaniuma kila nisomapo ripoti ya Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI aliyeajiriwa na chuo kuchunguza. Katika barua pepe zile, hofu iliyoandikwa ni ya chuo kulaumiwa. Watoto wengine waliendelea kudhulumiwa baada ya 2001, na Sandusky alitiwa hatiani kwa hao pia.

Haki itendeke kwa wote: Spanier amekana siku zote kwamba aliambiwa ni unyanyasaji wa kingono, Paterno hakuwahi kushtakiwa, na familia yake imeipinga ripoti ya Freeh. Lakini hata ukichukua maelezo yao kama yalivyo, swali linabaki. Mtu mzima amekutwa usiku bafuni na mtoto, ni mara ya pili wakubwa wa chuo kupata habari kama hiyo, na bado simu haikupigwa.

Wakati huo sheria ya Pennsylvania ilimruhusu mfanyakazi kumwarifu mkuu wake, kisha mkuu ndiye aripoti. Mwaka 2014 jimbo likaigeuza: anayeshuku huripoti mwenyewe kwa mamlaka kwanza, ndipo amwarifu bosi. Mwaka 2018 sheria ya taifa ikawapa watu wazima walio katika vyama vya kitaifa vya michezo saa 24 za kuripoti. Hakuna sheria kati ya hizi inayokudai ushahidi kamili. Shaka yenye msingi inatosha. Kuthibitisha ni kazi ya wachunguzi.

“Ni mtu mmoja mbaya, chuo kinahusikaje?”

Uongo. Mwaka 2000 mfanya usafi mmoja wa Penn State alimwona Sandusky akimdhulumu mvulana bafuni. Alitetemeka, akawaeleza wenzake. Hakuna aliyeripoti. Mmoja wao aliwaeleza wachunguzi wa Freeh sababu: futiboli ndiyo iliyotawala chuo, Paterno alikuwa na nguvu mno, na yeye angefukuzwa kazi. Sandusky hakuijenga hofu ile peke yake. Chuo ambacho mfagiaji anajua kuwa ukweli utamgharimu kazi yake kimekwisha kuchagua upande, hata kama hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo.

“Kukaa kimya kunalinda jina la chuo.”

Uongo, na wahenga walitutahadharisha: mficha maradhi kifo humuumbua. Sandusky alikamatwa Novemba 2011, na Juni 2012 akatiwa hatiani kwa mashtaka 45 kati ya 48, yaliyohusu wavulana 10. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Penn State imelipa zaidi ya dola milioni 100 kwa manusura zaidi ya 30. Wizara ya Elimu ya Marekani ikakitoza faini ya dola milioni 2.4 kwa kukiuka sheria ya kutangaza uhalifu vyuoni. Hata McQueary alikishtaki chuo kwa namna kilivyomtendea, na baraza la mahakama likaamua alipwe dola milioni 7.3. Michigan State ilikubali kulipa dola milioni 500, zikiwemo milioni 425 kwa manusura 332, na rais wake, Lou Anna Simon, alijiuzulu siku ile ile ya Januari 2018 ambayo Nassar alihukumiwa miaka 40 hadi 175. Ripoti moja kwa ustawi wa jamii mwaka 2001 ingekuwa habari ya aibu ya wiki kadhaa.

“Kuiadhibu timu ni kuwaonea wasio na hatia.”

Nusu kweli. Julai 2012 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikitoza Penn State dola milioni 60, kikaizuia timu kucheza mechi za baada ya msimu kwa miaka 4, na kufuta ushindi 112. Wachezaji wa msimu uliofuata walikuwa watoto wa shule ya msingi mwaka 2001, hivyo malalamiko yao yalikuwa na haki. Baadaye marufuku iliondolewa na ushindi ukarejeshwa. Fedha zile, kwa makubaliano, zikatengwa kwa ajili ya kuzuia unyanyasaji na kuwasaidia watoto walioathirika Pennsylvania, na hiyo kwangu ndiyo sehemu ya adhabu iliyokuwa na maana. Nusu nyingine ni hii: usiku Paterno alipofukuzwa, Novemba 2011, maelfu ya wanafunzi walimiminika barabarani na kupindua gari la kituo cha televisheni. Walikuwa wakimlilia kocha. Mashabiki nao ni sehemu ya nguvu iliyomfanya mfagiaji aogope.

“Wakubwa hawafungwi.”

Nusu kweli, na nusu ya uongo inafaa kujulikana. Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha usalama wa watoto mwaka 2017, wakaenda jela. Spanier alitiwa hatiani kwa kosa hilo hilo, akakata rufaa, hukumu ikatenguliwa kisha ikarudishwa, na Juni 2021 akaingia jela ya wilaya, miaka 20 baada ya barua pepe ile. Alikaa takriban miezi miwili. Kule Michigan, mashtaka dhidi ya Simon ya kuwadanganya polisi yalifutwa mwaka 2020. Lakini William Strampel, mkuu wa kitivo aliyekuwa bosi wa Nassar, alihukumiwa mwaka mmoja jela mwaka 2019. Moja ya makosa yake lilikuwa kupuuza wajibu: baada ya uchunguzi wa 2014 Nassar aliwekewa masharti ya kumhudumia mgonjwa, ikiwemo kuwa na mtu mwingine chumbani nyakati fulani, na Strampel hakuhakikisha yanafuatwa.