Unguja Ilitangulia, Faida Haijafika

Ukitaka kucheka peke yako, nenda Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ukaombe magazeti ya zamani. Kisiwa hiki kilianza mapema kuchapa habari zake. Wanafunzi wa skuli ya Kiungani walikuwa na jarida lao la Kiswahili, Msimulizi, tangu 1888, na gazeti la Serikali likafuata 1892. Utamu wa gazeti kuukuu ni kwamba wewe msomaji unaujua mwisho wa habari, na aliyeiandika kwa wino mnene hakuujua. Rai yangu ni hii: ni vigumu kupata pahala Afrika Mashariki palipotangulia katika mambo mengi kama Unguja, na kutangulia ni biashara mbovu.

Rekodi inayojulikana dunia nzima ni ya vita. Vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa hapa mbele ya mji, tarehe 27 Agosti 1896. Sultani, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akajiingilia kasrini bila ya kuwauliza Waingereza. Akapewa muda wa kutoka mpaka saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia. Wengine huhesabu dakika 38, wengine 45, na upande wa Khalid kiasi cha watu 500 waliuawa au kujeruhiwa, kwa hivyo kwao ufupi ule haukuwa na mzaha wowote.

Mzaha umo kwenye hesabu za fedha. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimezivunja merikebu za Seyyid Barghash, baba yake Khalid, naye akaagiza nyingine Uingereza. Aliipenda manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, akataka iliyofanana nayo, yenye jina hilo hilo. Ikajengwa 1878 kwa pauni 32,735. Ilipofika, haikumpendeza. Ikatia nanga mbele ya kasri, ikakaa hapo miaka na miaka kama kabati la maharusi ambalo hakuna anayelifungua. Miongoni mwa silaha zake ilikuwemo bunduki ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria. Asubuhi ile ya 1896 merikebu hatimaye ikapata kazi: kuzipiga manowari za Malkia aliyetoa zawadi. Ikazamishwa, lakini bandari yetu haina kina cha kuficha aibu, milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912, ilipokatwakatwa ikawa chuma chakavu. Wafuasi wa Khalid nao wakatozwa gharama za makombora waliyopigwa nayo. Risiti ya namna hiyo ingefaa itiwe fremu, itundikwe makumbusho.

Barghash mwenyewe, merikebu ilipomchusha, hakukata tamaa. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na lifti yake ikawa ya kwanza Afrika Mashariki. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka likiwa mikononi mwa mafundi, na roho zikapotea. Mradi wa Barghash uliolipa kuliko yote ni mfereji wa kuwaletea watu wa mjini maji safi ya chemchemi. Watalii hawaji kupiga picha bomba.

Reli ya Bububu niipitie haraka, kama yenyewe ilivyopita. Wamarekani waliijenga mwanzoni mwa karne iliyopita, kiasi cha kilomita 11, kutoka Ngome Kongwe. Haikumaliza hata miaka 30. Siku hizi daladala za namba 502 zinafika huko huko, na hazijatangazwa kuwa za kwanza kwa lolote.

Televisheni ya rangi nayo tulitangulia. Zanzibar iliirusha mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilizindua televisheni yake 1976, na Tanzania Bara ikangoja mpaka 1994. Jirani aliyechelewa akanunua vyombo vipya. Aliyewahi akabaki kutafuta vipuri.

Posta ndiyo iliyojua kubana matumizi. Stempu za uhuru wa 10 Disemba 1963 zilikuwa mpya kabisa yalipotokea Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Hazikutupwa. Zikapigwa chapa ya JAMHURI 1964 juu ya maneno yaliyokuwapo, zikabandikwa kwenye barua.

Lakini uwekezaji wa muda mrefu wa kweli ni mkarafuu. Unaupanda, unangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuona karafuu ya kwanza, kisha mti unaweza kukuzika wewe na wanao. Sultani Seyyid Said aliamuru kila mnazi mmoja upandiwe mikarafuu mitatu. Watu wa Unguja wakapanda mpaka bei ikaanguka kwa wingi wa mali. Kisha kikaja kile kile kimbunga cha 1872, kikalaza mashamba ya Unguja na kuiacha Pemba karibu nzima. Tangu hapo Unguja ikawa na historia ya karafuu, Pemba ikawa na karafuu zenyewe. Karne iliyofuata mteja mkubwa akawa Indonesia, anayezitia kwenye sigara zake za kretek. Naye akajipandia za kwake, na kufikia miaka ya 1980 soko likatuvunjikia. Hatuna wa kumlaumu: mbegu ilitoka visiwa vyake vya Maluku.

Karafuu hizo zilichorwa hata kwenye noti. Rupia ya karatasi ya Zanzibar, iliyotolewa 1908, ina jahazi pembe moja na wachumaji wa karafuu pembe nyingine. Tarehe 1 Januari 1936 ikaondolewa, kila rupia moja kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Raia watiifu wakapanga foleni wakabadilisha. Wazembe, waliosahau noti chini ya khanga za bibi, ndio matajiri: noti hizo sasa ni adimu mno, na wakusanyaji wa ng'ambo hutoa maelfu ya dola kwa moja tu. Mwenye kasha la kurithi na alifungue leo hii, maana mchwa nao ni wasomaji.