Kufundisha Uainishaji wa Wanyama kwa Mfano wa Komba wa Milimani

Mara nyingi uainishaji wa wanyama hufundishwa kama orodha ya kukariri: ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Mwanafunzi aweza kuitaja yote bila kujua kwa nini mnyama fulani amewekwa mahali fulani. Sisi tulio hapa Kilakala, chini ya Milima ya Uluguru, tunao mfano wa karibu: komba mdogo wa milimani, ambaye uzito wake hauzidi sana gramu 100.

Kwanza, mwalimu aulize: komba ni jamaa ya nani? Wengine watajibu paka, wengine panya. Wasikemewe, bali watakiwe kutoa dalili. Macho yatazamayo mbele, mikono ishikayo matawi, na kucha bapa katika karibu vidole vyote humweka komba katika oda ya primata, pamoja na tumbili na binadamu.

Pili, waelezwe jinsi spishi zinavyotenganishwa. Mwaka 1926 Arthur Loveridge alikusanya vielelezo vya komba huyu huko Bagilo, Uluguru. Mwaka 1936 Lawrence na Washburn, wakitegemea ngozi na mafuvu, walimhesabu kuwa tawi la komba wa Demidoff, aishiye katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Lakini komba hutembea usiku, na hutambuana sana kwa sauti. Milio yao iliponaswa na kulinganishwa, ilidhihirika kwamba wa milimani anao mlio wake. Hivyo katika miaka ya 1990 akatambuliwa kuwa spishi kamili. Mwaka 2017 yeye na jamaa zake wa mashariki waliwekwa katika jenasi mpya, na sasa huitwa Paragalago orinus. Hapa mwanafunzi ataona kwamba jina la kisayansi hufuata ushahidi, na ushahidi ukiongezeka jina laweza kubadilika.

Tatu, darasa lichore ramani. Watie alama Uluguru, Udzungwa, Rubeho, Ukaguru, Nguru na Usambara, kisha wapake rangi nyingine nyanda kavu zilizo katikati. Komba huyu hukaa katika misitu yenye unyevu ya milimani, wala haishi katika nyanda hizo. Kwa hiyo kila mlima kwake ni kama kisiwa. Mwalimu aulize: msitu wa mlima mmoja ukifyekwa wote, komba wake watahamia wapi? Wanafunzi wataipata jawabu katika ramani yao wenyewe.

Kwa kazi ya nyumbani, wawaulize wazee majina ya komba kwa Kiluguru na sauti wazijuazo. Wasitumwe kumkamata mnyama. Tena wakumbushwe kwamba mlio usikikao karibu na nyumba mjini huenda ni wa spishi nyingine, kwani wa milimani hukaa juu msituni.

Somo limefaulu iwapo mwanafunzi, akionyeshwa mnyama asiyemjua, ataanza kutafuta dalili kabla ya kuuliza jina.