Mtoto wa Watu, Friji ya Watu

Saa tatu usiku, kwenye nyumba ya watu huko Marekani, binti wa miaka 16 kutoka Mhunze amekaa kitandani na njaa yake. Si kwamba chakula hakipo. Friji imejaa: maziwa, mayai, mapaja ya kuku ya jana. Mama mwenye nyumba alishamwambia tangu alipofika kwamba ajione yuko kwao, akisikia njaa ale. Lakini binti huyu kakulia Kishapu, na huko mtoto mwenye adabu hafunui sufuria za watu. Anasubiri aitwe. Mama naye anaona mtoto hagusi kitu, anajisemea kwamba labda chakula cha hapa hakimwingii, na kwa kumwonea huruma anaamua asimlazimishe.

Binti huyo ni wa mfano. Njaa yake si ya mfano. Ndiyo aina ya shida inayowakuta vijana wanaopelekwa kusoma na kuishi kwa watu wasiowajua, na mara nyingi chanzo chake ni jambo dogo ambalo hakuna aliyefikiria kulisema kwa sababu kila mtu nyumbani mle analijua.

Mhunze, kwa asiyepajua, ndipo makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Ni wilaya ya pamba, mtama na ng'ombe, na ndani yake umo mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania, mlango mmojawapo wa kwenda kuishi na familia ya kigeni umekuwa programu ya Kennedy-Lugar, maarufu kwa jina la YES. Serikali ya Marekani iliianzisha mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ikiwalenga vijana kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu. Anayechaguliwa hupewa ufadhili, huishi na familia mwenyeji, husoma mwaka mmoja wa shule, kisha hurudi kwao.

Wazo lenyewe lina umri zaidi ya hapo. Shirika la AFS, mojawapo ya makubwa kabisa katika kazi hii, lilianza mwaka 1915 kama kikosi cha Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakiendesha magari ya kubeba majeruhi huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, madereva wa shirika hilo wakageukia vijana. Mwaka 1947 wakapokea Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi 10, wakawaweka majumbani mwa watu. Waliona kwamba adui ni vigumu kumchukia ukishaosha naye vyombo.

Leo kazi hiyo ina kanuni zake. Marekani inataka mwanafunzi wa kubadilishana wa sekondari awe na umri kati ya miaka 15 na 18 na nusu. Awe na kitanda chake peke yake. Kila mtu mzima anayeishi nyumbani humo achunguzwe kama ana rekodi ya uhalifu. Mratibu wa eneo awasiliane na mwanafunzi kila mwezi, na asiishi mbali naye zaidi ya maili 120, karibu kilomita 190. Familia mwenyeji hujitolea. Sheria ya kodi inaiachia kuhesabu hadi dola 50 kwa mwezi kama mchango wa hisani, basi.

Kitanda kimewekewa kanuni, friji haikuwekewa. Na hata hicho kitanda, ukikitazama kwa jicho la Mhunze, kina maswali yake. Binti aliyezoea kulala na dada zake wawili, wakipiga soga gizani mpaka mmoja aanze kukoroma, anakabidhiwa chumba kizima peke yake na kuambiwa hiyo ndiyo heshima. Usiku wa kwanza inaweza kuonekana ni adhabu.

Sasa tuigeuze safari. Chukua kijana wa miaka 17 kutoka Denmark au Ujerumani, ateremke Mhunze akiwa na begi mgongoni na Kiswahili cha kitabuni.

Cha kwanza kumwumbua ni saa. Baba anamwambia kwamba kesho wanaondoka saa mbili. Kijana anaitazama simu yake, inaandika saa kwa hesabu ya kwao, anaona ana nafasi ya kulala, na anatoka chumbani saa nane mchana kukuta nyumba ni tupu. Wenyewe waliondoka asubuhi, baada ya kumgongea mara mbili na kuamua kwamba amechoka na safari. Mswahili anaihesabu siku tangu jua linapochomoza. Kwake hilo si jambo la kufafanua, ndiyo maana hakulifafanua.

Kisha inakuja bakuli la michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Ndugu zake ni matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Ni akiba ya Wasukuma, wenyeji wa huko, ya miezi ya ukame, na ikipikwa vizuri, ikaliwa na karanga au maziwa, haina mfano. Kwa mgeni ni vipande vya rangi ya udongo vyenye utamu wa chini chini na uzito wa tofali tumboni. Kijana wetu alifundishwa kwao kwamba adabu ni kumaliza sahani. Anajikaza, anamaliza. Mama akiona bakuli jeupe anajua mtoto hajashiba, anaongeza. Anamaliza tena. Anaongezwa tena. Hakuna aliyekosea hapo: kila mmoja anafuata adabu aliyofunzwa, na tumbo la mtoto ndilo linalolipa gharama.

Salamu zina shule yake. Asubuhi ni mwangaluka, mchana na jioni ni mwadila, na ukiulizwa hali unajibu mhola duhu, yaani salama tu. Wasichana huwapigia magoti wakubwa. Kijana wa Ulaya, hasa msichana, anaweza kukwama kwenye goti hilo. Kwao kupiga goti ni unyonge. Kwa bibi wa Kisukuma aliyekaa kwenye kigoda, binti anayemsalimia akiwa amesimama wima anamtazama kutoka juu, na hilo ndilo utovu wa adabu. Neno moja la wabeja, asante ya Kisukuma, humfungulia mgeni milango mingi, ingawa akilisema kwa kila kikombe cha maji, kila kijiko na kila stuli aliyosogezewa, watoto wa nyumbani hawatakawia kumwigiza.

Lakini jambo gumu kuliko yote ni mlango wa chumba. Kijana wa Ulaya au Marekani akichoka na watu hufunga mlango, akakaa peke yake saa mbili tatu, akatoka akiwa mzima. Ndivyo anavyopumua. Katika nyumba ya Mhunze, mtu anayejifungia mchana ama anaumwa ama amenuna, na vyote viwili vinataka watu waende kumwona. Hodi ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni ya shangazi na chai. Ya tatu ni ya jirani aliyesikia kwamba mgeni haamki. Kila hodi ni upendo, na kila hodi inamzidishia hamu ya kufunga mlango.

Wataalamu wameyatungia jina mambo haya: mshtuko wa utamaduni. Aliyelipa jina hilo umaarufu ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia ambaye awali alifanya utafiti Ankole, Uganda, kabla ya kutoa mhadhara wake mashuhuri Rio de Janeiro mwaka 1954. Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard wa Norway akachapisha uchunguzi wa raia 200 wa nchi yake waliowahi kwenda Marekani kwa ufadhili. Akakuta kwamba waliokaa chini ya miezi sita walionekana kuzoea vizuri, waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali mbaya zaidi, na waliopita hapo walirudi kuwa vizuri. Hapo ndipo ilipozaliwa picha ya herufi U, inayochorwa mpaka leo kwenye semina za kuwaaga wanafunzi: kwanza fungate, kisha bonde, kisha kilima.

Picha hiyo ni nzuri kwa ubao, na imewapotosha wengi. Wale 200 hawakuwa vijana wa sekondari, na hawakufuatiliwa mtu mmoja mmoja tangu siku ya kufika. Walilinganishwa kwa makundi. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand, kuanzia saa 24 za mwanzo hadi mwaka mzima, hawakuiona fungate hiyo. Shida ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa. Kundi lao lilikuwa dogo, lakini matokeo yake yanakubaliana na akili ya kawaida: siku ambayo mtu hajui choo kiko wapi wala atakula saa ngapi ndiyo siku ngumu.

Anayesubiri bonde la mwezi wa sita amechelewa. Mtoto amekwisha kulala na njaa wiki mbili.

Waswahili wana dawa yao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii kila mtu anaijua, na ni nadra kuona ikitekelezwa kwa mgeni aliyetoka ng'ambo. Huyo hupewa kiti cha plastiki, kile kizuri, wakati wenyeji wako kwenye mkeka na vigoda. Anakaa juu ya kiti hicho akitazama wenzake wakichota maji, wakikamua, wakipalilia pamba mvua ikishaanza, na watu wanamsifu kwa utulivu. Ni ukarimu unaomweka mtu nje. Kijana anayeketishwa mwezi mzima hana cha kuzungumza na mtu, kwa sababu lugha ya nyumbani inafundishwa na kazi: shika, leta, mimina, siyo hivyo, ona. Siku anaposhushwa kwenye kigoda akapewa ungo wa karanga za kubangua, ndipo anapoanza kusikia nyumba ile inaongea nini.

Kuna hesabu nyingine ambayo wazazi wa Kitanzania huigundua wakiwa wamechelewa, nayo ni kalenda. Shule zetu huanza Januari na kwisha Desemba. Za Marekani huanza Agosti au Septemba na kufungwa Mei au Juni. Mwanafunzi anayeondoka katikati ya kidato cha tatu anarudi wenzake wakiwa wamebakiza miezi michache kufanya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba. Mwaka aliosoma ng'ambo hauchukui nafasi ya mtihani huo. Ni vizuri mkuu wa shule aulizwe mapema mtoto akirudi ataingia darasa gani, na jibu liwe la maandishi.

Kurudi nako kuna mshtuko wake. John na Jeanne Gullahorn walieleza hivyo mwaka 1963, wakaongeza bonde la pili kwenye ile U. Binti aliyechukua wiki kadhaa kujifunza kumtazama mtu mzima machoni anarudi Mhunze na kumtazama babu machoni. Anafunga mlango wa chumba. Anauliza kwa nini kabla ya kutii. Shangazi wanasema kaharibika, na kwa kipimo cha nyumba ile hawakosei sana. Wampe muda bila kumtangaza kijiji kizima.

Familia inayopokea mtoto, iwe Mhunze au ng'ambo, haihitaji semina ndefu. Jioni ya kwanza impitishe jikoni imwonyeshe kinachoruhusiwa kuliwa bila kuomba, imtajie saa za kula kwa saa anayoijua, imwambie afanye nini akitaka kuwa peke yake, na imkabidhi kazi moja ya kila siku ambayo ni yake. Na wewe mzazi ambaye mwanao ameshapata barua ya kukubaliwa, kabla hujaenda sokoni kununua sanduku, mkalishe umwambie waziwazi kwamba huko aendako kufungua friji ya watu bila kuitwa si wizi wala si utovu wa adabu.