Msomaji wa fantasia na rafu isiyo na jina

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Chala kule Taveta, anatafuta kitabu. Jina la kitabu limemtoka, la mwandishi pia. Anachokikumbuka ni kisa. Mtu amehukumiwa kifo, akatiwa ndani ya chombo cha angani kilichotarajiwa kummaliza, lakini akajifunza kukiendesha hadi akatua katika ulimwengu mwingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Alikisoma akiwa kidato cha pili, katika nakala iliyokwisha kunyofoka jalada. Amekiulizia Taveta, akakiulizia Voi, na kila duka likamrudishia swali: “Hiyo ni setibuku ama storibuku?”

Kitabu chenyewe ni Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotolewa na East African Educational Publishers mwaka 1995. Mtu wa ndani ya chombo anaitwa Dzombo. Jina la riwaya ni fumbo jepesi ukilikatakata: wale ni sisi. Basi hilo la kwanza limejibika. Linalonishughulisha zaidi ni lile swali la muuzaji, kwa sababu mtu yule hakuuliza kwa ujinga. Katika biashara yake kitabu cha Kiswahili kina makao mawili tu. Kuna kitabu teule cha mtihani, ambacho ataagiza makatoni kwa makatoni kwa muda wa miaka mitano hivi, na kuna hadithi za watoto wa msingi. Utengano ilipokuwa ikitahiniwa, usingeweza kuikosa. Ikaja zamu ya Kidagaa Kimemwozea, ikaja ya Chozi la Heri, na sasa ni Nguu za Jadi. Riwaya inayosomwa na mtu mzima kwa raha zake haina rafu dukani, na kisicho na rafu hakina hata jina la kukiulizia.

Nisisitize hapo kwenye jina. Mpenzi wa visa vya upelelezi akiingia dukani anasema “upelelezi” na anaeleweka. Mpenzi wa mapenzi naye vivyo hivyo. Lakini mtu anayetaka visa vya nchi zisizokuwepo, wafu wanaorudi, majini, vyombo vya angani na watu wanaogeuzwa wanyama, atasemaje? Wasomaji wanaojuana, wale wa kuazimana vitabu na kupendekezeana, hujiambia tu “zile stori za maajabu”. Wengine husema “ile kitabu ya majini”, na muuzaji huwaelekeza kwenye vitabu vya dini. (Ndiyo, najua ni kile kitabu cha majini. Lakini tukimsahihisha kila anayeulizia kitabu, ataacha kuulizia.)

Sisi walimu tuna lawama yetu. Tumewafundisha vijana orodha ndefu ya tanzu za fasihi simulizi: hurafa, hekaya, mighani, visasili, usuli, ngano za mtanziko. Tazama neno la kwanza katika orodha hiyo. Hurafa tumeipata kwa Kiarabu, na Waarabu wa kale husimulia kwamba Khurafa lilikuwa jina la mtu, wa kabila la Udhra, aliyenyakuliwa na majini. Alikaa nao, kisha akarudi kwa watu wake akihadithia aliyoyaona. Hakusadikiwa na yeyote. Tangu hapo kila habari ya ajabu isiyoingia akilini ikaitwa habari ya Khurafa. Kwa hiyo neno ambalo asili yake ndiyo hasa fani anayoitafuta msomaji wetu limo mikononi mwetu tangu zamani, ila tumelifunga kwenye zizi la sungura na fisi. Darasani Kenya leo hurafa ni ngano ya wanyama, na mtahiniwa akiandika vinginevyo ataambulia patupu.

Je, tulirudishe neno kwenye maana yake ya awali? Moyo wangu ungependa, lakini ni bure. Maneno hayarudi nyuma kwa sababu mwandishi wa safu ameagiza, na vurugu ya kwenye karatasi za mtihani haina maana. Njozi ni neno zuri pia, lakini njozi huja usingizini na mtu akiamka imekwisha, ilhali nchi ya kubuni ina sheria zake, majira yake na ramani yake, na msomaji huingia humo macho yakiwa wazi. Uhalisiajabu ni jambo jingine: hapo maajabu huingia katika nyumba ya kawaida, na wenye nyumba wakaendelea kunywa chai. Bunilizi ya kisayansi nayo hudai mashine. Mimi naona tukubali fantasia. Ni neno la kukopa, lenye mizizi ya Kigiriki, lakini hata riwaya, hekaya na hurafa ni mikopo. Linatamkika, linapatana na ngeli bila kelele, na muuzaji wa Voi analielewa nusu tayari.

Ajabu ni kwamba Shaaban Robert alikaribia kuitatua kazi hii peke yake. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, na Kufikirika ikatoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Angalia vitenzi hivyo. Vyote viko katika kauli ya kutendeka: nchi inayoweza kusadikiwa, nchi inayoweza kufikiriwa. Hapo ndipo palipo na dhihaka yake, maana Kusadikika ni nchi iliyoko angani, na mshtakiwa Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande nne za dunia, kisha mbinguni, kisha ardhini. Khurafa alisema kweli yake asisadikiwe. Shaaban alisema asichoweza kusadikiwa akakiita Kusadikika.

Wakazi wa Chala hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ziwa lao limekaa ndani ya kreta mpakani mwa Kenya na Tanzania, mashariki mwa Kilimanjaro, kuta zake zimesimama wima na maji yake hubadilika rangi kwa majira. Halina mto mkubwa unaoonekana ukiingia. Maji yake hutoka chini kwa chini. Mahali kama hapo hapawezi kukosa kisa, na kimoja husimuliwa kuhusu kijiji kilichozama, watu na mifugo yao, ambacho sauti zake bado husikika kutoka majini. Swali la kitaaluma ni hili: kisa hicho ni fantasia? Kwa mzee anayekusimulia akikuonyesha ukingo, la. Kwake ni habari ya mahali, inaaminiwa, na sisi tunaiita mighani au kisasili kutegemea inavyosimuliwa. Kichukue kisa hichohicho, kiandike riwaya ambamo msichana anateremka ziwani kuutafuta ukoo wake, na mwandishi na msomaji wakubaliane kimyakimya kwamba ni kubuni. Hapo umevuka mpaka. Tofauti haimo katika maajabu yenyewe, imo katika mapatano.

Sasa tuje kwenye kupendekezeana, maana ndiko vitabu vinakoishi vikishatoka kwenye mtihani. Kwanza, majina ya vitabu yanadanganya. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, humvuta kila mpenda mizimu, kisha akamkuta Bwana Msa na kiko chake akipeleleza kesi ya mauaji. Ni kitabu kitamu, lakini mzimu wake ni wa jina. Adili na Nduguze, kwa upande wa pili, jina lake lasikika kama hotuba ya mwalimu wa nidhamu. Lakini ndani yake wamo ndugu wawili waliogeuzwa manyani na binti wa majini, na kaka yao ana agizo la kuwacharaza viboko kila usiku. Shaaban alikitoa mwaka 1952, na kisa chake kina undugu na kimoja cha Alfu Lela u Lela. Nimpendekezee mtu mmoja kitabu kimoja cha kuanzia? Ni hicho.

Aliyeipenda Walenisi kwa ajili ya safari ataipenda Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, ambamo msimulizi anazunguka kijiji cha utandawazi akimsaka mtu aitwaye P.P. Anayejua hadithi za Waingereza za mtoto asiyekua atamtambua P.P. mapema, na kicheko kitamjia kabla ya huzuni. Anayetaka wafu wanaorudi kudai hesabu asome Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001: babu anamrudia mjukuu wake K, kigogo aliyesahau alikotoka. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, za mwaka 1990 na 1991, ni fupi kwa kurasa na ndefu kwa usiku. Usimpe mtu anayetaka joka na upanga. Mpe yule aliyekwisha kuchoshwa na hadithi zinazoeleweka.

Hapa nina ugomvi mdogo na wahakiki wenzangu. Vitabu hivi vyote tumevisoma kama mafumbo ya siasa, na kweli ni mafumbo. Kusadikika iliandikwa chini ya ukoloni. Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986, na haishangazi kwamba aliyetoka huko aliandika kuhusu ulimwengu wenye haki. Lakini tumekuwa hodari wa kuuliza “mwandishi anamkejeli nani?” hata tukasahau kuuliza iwapo kisa kinanoga. Mtoto wa kidato cha pili hakuikumbuka Walenisi kwa miaka yote hii kwa sababu ya itikadi. Alikumbuka chombo kikipaa. Tukimwambia kwamba chombo kile ni ishara tu, tumemnyang'anya kitabu kwa mara ya pili.

Na kukipata? Kuna shimo katikati ya historia yetu ya uchapishaji, na wengi hudhani liko kwingine. Vitabu vya zamani kabisa si vigumu. Swahili Tales ya Edward Steere, iliyokusanya ngano za Unguja na kutolewa London mwaka 1870, haina tena hakimiliki na inasomeka bure mtandaoni, Kiswahili chake upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo ndimo alimo nunda, paka wa sultani aliyeanza kwa kula mifugo, akaishia kwa watu. Vitabu vipya navyo vipo madukani. Kinachopotea ni cha miaka ya 1970 hadi 2000. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya maandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Mkangi alifariki mwaka 2004, kwa hiyo riwaya yake imelindwa hadi mwisho wa 2054. Ulinzi huo ni haki ya familia ya mwandishi, sina neno nao. Ila pale mchapishaji anapoona hakuna soko la shule, hachapishi upya, na mwingine yeyote haruhusiwi kuchapisha. Kitabu kinabaki katika nakala zilizopo, nazo hupungua kila mvua inapovuja.

Ndiyo maana kabla ya kulaumu duka, mpigie mchapishaji mwenyewe. Ghala huwa na makatoni ambayo muuzaji wa mjini hajawahi kuyasikia, na kifurushi kitafika Voi kwa basi, kisha Taveta kwa matatu. Maktaba nazo zisisahaulike. Voi na Wundanyi zina maktaba za umma, na Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, humtaka mchapishaji awasilishe kwa serikali nakala za anachokitoa, jambo linalofanya Maktaba ya Kitaifa jijini Nairobi iwe mahali pa kuulizia unaposhindwa kwingine. Lakini ukifika maktabani usiulize fantasia. Maktaba zinazofuata mfumo wa Dewey huweka fasihi yote ya Kiswahili chini ya 896.392, na humo riwaya hupangwa kwa jina la mwandishi. Maajabu na upelelezi vinakaa bega kwa bega.

Kwa hiyo jina la mwandishi ndiyo kamba yako, na hapo napo kuna utelezi. Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed na Muhammed Said Abdulla ni watu watatu tofauti, wote wa Zanzibar, na wauzaji huwachanganya kila siku. Wa kwanza, katika maandishi yake ya kitaaluma, hujiita pia Said A. M. Khamis. Huko Nairobi, kwa wale wauzaji wa kando ya njia tunaowaita wa inama, ambako vitabu hupangwa chini na mteja ndiye wa kuinama, afadhali utaje kisa pamoja na rangi ya jalada. Wao hukumbuka jalada kuliko jina.

Tahajia nayo ni ya kuangalia unapopekua mtandaoni. Kisa cha Lewis Carroll cha binti aliyetumbukia katika shimo la sungura kimefasiriwa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja. Ukiandika Elisi Katika Nchi ya Ajabu utapelekwa kwenye tafsiri ya Conan-Davies ya mwaka 1940. Ukiandika Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu utapata ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, na hiyo ndiyo rahisi kununua.