Je, Wajua? Mlango wa Jehanamu Ulikuwa Iceland

Watu wengi wa Ulaya waliwahi kuamini kwamba njia ya kuingia jehanamu ilipita Iceland. Mlima Hekla ulilipuka mwaka 1104. Karne hiyo hiyo mtawa wa Ufaransa, Herbert wa Clairvaux, akauandika kuwa gereza la roho zilizolaaniwa. Baadaye ikasemwa kwamba vilio vya wafungwa vilisikika hadi mbali. Mwaka 1750 wasomi wawili wa Iceland, Eggert Ólafsson na Bjarni Pálsson, walipanda hadi kileleni. Walishuka salama.

Mwaka 1607 Dithmar Blefken alichapisha kitabu chenye maajabu mengine: eti wenyeji wengi waliishi miaka 150, na mzee mmoja alidaiwa kufikisha 200! Arngrímur Jónsson, msomi wa kisiwani, alikasirika akatoa kitabu kizima cha kumpinga.

Johann Anderson, meya wa Hamburg, hakuwahi kufika huko. Aliokota simulizi za mabaharia na wafanyabiashara, akazifanya kitabu kilichotoka mwaka 1746. Mdenmark Niels Horrebow, aliyeishi kisiwani, alimjibu hoja kwa hoja bila kuruka hata moja. Ndiyo maana tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake, ya mwaka 1758, ina sura ya nyoka yenye sentensi moja tu: hawapo.

Jules Verne naye hakufika. Hata hivyo, mwaka 1864 aliwashusha wahusika wake kuelekea kiini cha dunia kupitia volkeno ya Snæfellsjökull.